Kinga ya maziwa ya mama yakatizwa na likizo fupi

Mwaka 1921, Dkt. Alexander Fleming wa Hospitali ya St Mary's, London, alishikwa na mafua. Akachukua makamasi yake mwenyewe, akayatia kwenye bakteria aliokuwa akiwaotesha maabara, nao wakayeyuka. Machozi nayo yakafanya vivyo hivyo, hata wenzake wakawa wanakamuliwa limau machoni ili wachangie utafiti. Mwaka uliofuata alitangaza kimeng'enya hicho kwa jina la laisozaimu, miaka sita kabla ya penisilini iliyompa umaarufu.

Bakteria ana ukuta unaomzuia asipasuke. Laisozaimu hukata minyororo ya sukari inayoushikilia ukuta huo. Maji yakaingia, bakteria akapasuka. Imo pia katika mate na chembe nyeupe za damu, tayari kufanya kazi kabla mwili haujatengeneza kinga mahususi ya ugonjwa.

Wapo bakteria sugu kwake, kama E. coli, anayefunikwa na utando wa nje. Lakini maziwa ya mama yana protini nyingine, laktoferini, inayoulegeza utando huo na kuipisha laisozaimu. Ya ng'ombe yana laisozaimu kidogo mno. Ya mama huwa nayo mara elfu moja na zaidi. Tena kiwango chake huongezeka kadiri miezi ya kunyonyesha inavyosonga, wakati ambao wafanyakazi wengi wa kike huwa wamesharudi kazini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sheria za nchi zetu zinatoa likizo ya uzazi ya takriban nusu ya muda huo: Kenya miezi mitatu, Tanzania siku 84, Uganda siku 60 za kazi. Rwanda ilipanda kutoka wiki 12 hadi 14 mwaka 2023. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja inayomruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka, ila siku za mama kukaa na mtoto bado kila nchi inazihesabu kivyake.

Maziwa yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye baridi yanaweza kusaidia, na sheria ya afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mama anayeuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumdai chumba wala likizo.