Kiwanda cha pombe kali kinapogeuzwa cha bia na kimea: hesabu ambazo mfanyabiashara na msafirishaji wazijue

Kiwanda cha pombe kali kinapoishiwa soko, moja ya mapendekezo ambayo wawekezaji huletewa ni kukigeuza kiwe kiwanda cha bia chenye kitengo cha kutengeneza kimea. Majengo yapo, maji yapo, boila ipo na barabara inafika hadi getini. Kwa maneno, kazi inaonekana nusu imekwisha.

Katika ukanda huu pendekezo hilo lina sababu. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019 kwa pombe ya pakiti za plastiki. Viwanda vilivyotegemea mnunuzi wa kipimo kidogo vilipoteza sehemu kubwa ya soko, huku mitambo ikibaki palepale.

Hata hivyo, bia na kimea ni biashara mbili tofauti, na ukubwa wake haulingani. Asiyeipiga hesabu hiyo mapema anaweza kununua kiwanda, au lori, au kukopesha mbegu, kwa mzigo ambao hautakuwepo.

Kwanza: ni kiwanda cha aina gani?

Viwanda vya pombe kali viko vya aina tatu, na thamani yake kwa mwekezaji wa bia inatofautiana sana.

Aina ya kwanza hakikeneki chochote. Hununua spiriti iliyokwishatengenezwa kwingine, huipunguza makali kwa maji, huitia ladha na kuijaza kwenye chupa. Mnunuzi wa kiwanda cha namna hii anapata ghala, matangi, laini ya kujaza chupa na kiwanja. Upande wa kupika bia ataanza moja.

Aina ya pili hutumia molasi kutoka viwanda vya sukari. Kina matangi ya kuchachushia, boila na minara ya kukenekea, lakini hakina maghala ya nafaka wala mashine za kusaga. Pia mara nyingi kina mabwawa ya majitaka. Kila lita moja ya spiriti ya molasi huacha lita 10 hadi 15 za majitaka mazito, na anayenunua kiwanda huweza kurithi mabwawa hayo pamoja na madai yake.

Aina ya tatu hutumia nafaka. Hiki ndicho kilicho karibu zaidi na bia, kwa kuwa kinapokea nafaka, kinaisaga, kinaipika na kuichachusha.

Kinachobaki na kinachouzwa chuma chakavu

Mitambo ya kukeneka yenyewe haina kazi katika bia. Ikiwa ni ya shaba ina thamani yake sokoni, lakini isihesabiwe kama sehemu ya kiwanda kipya.

Vinavyoweza kuendelea kutumika ni boila, mabomba ya mvuke, visima au mkataba wa maji, umeme mkubwa, mizani ya malori, maghala na sehemu ya matangi. Hata matangi yanahitaji kukaguliwa. Tangi la kuchachushia pombe kali mara nyingi halikujengwa kuhimili mgandamizo wala kupozwa, na bia inahitaji vyote viwili. Kiwanda cha bia kinahitaji pia chungu cha kuchemshia pamoja na hopsi, mitambo ya ubaridi, machujio na namna ya kuua vijidudu baada ya kujaza chupa. Katika pombe kali uchafu mdogo humezwa na moto wa kukeneka. Katika bia uchafu huohuo hugeuza tangi zima kuwa siki.

Kimea kinatengenezwaje

Wanaotengeneza togwa au busaa nyumbani wanaijua kanuni: nafaka huloweshwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Kiwandani kanuni ni hiyohiyo, ila kila hatua hupimwa.

Shayiri huloweshwa kwa takriban siku moja na nusu hadi mbili, mpaka unyevu wake ufike asilimia 42 hadi 46. Kisha huchipua kwa siku nne hadi sita katika hewa yenye ubaridi, nyuzi joto kati ya 15 na 18 hivi. Mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto inayopandishwa hadi kwenye nyuzi 80 na kidogo, mpaka unyevu ubaki asilimia 4 au 5. Vichipukizi huondolewa na kuuzwa kama chakula cha mifugo.

Mambo mawili hapa yanamgusa mwekezaji wa ukanda wetu. La kwanza ni ubaridi. Kiwanda cha nyanda za juu hulipa umeme mdogo wa kupoza kuliko kiwanda cha pwani. La pili ni kwamba shayiri iliyotoka kuvunwa huwa bado imelala na haichipui vizuri kwa wiki kadhaa. Lazima ikaushwe chini ya asilimia 13 na ikae ghalani. Kwa kuwa mavuno huja kwa wiki chache na kiwanda hufanya kazi mwaka mzima, fedha nyingi hulala ghalani kabla gunia la kwanza la kimea halijauzwa.

Shayiri ya kimea pia si shayiri yoyote. Mnunuzi hutaka punje zisizopungua 95 kati ya 100 ziote, na protini isizidi sana asilimia 11. Mzigo ulioungua kwenye mashine ya kukaushia au ulionyeshewa njiani hukataliwa getini, na dereva hurudi nao.

Hesabu inayoamua kila kitu

Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha bia cha hektolita 50,000 kwa mwaka, yaani lita milioni 5. Bia inayotengenezwa kwa kimea kitupu huhitaji takriban kilo 15 za kimea kwa hektolita. Kiwanda hicho kitatumia tani 750 tu kwa mwaka.

Sasa chukua kitengo cha kimea cha tani 10,000 kwa mwaka, ukubwa ambao kwa viwango vya dunia bado ni mdogo. Bia ya nyumbani itakula chini ya tani nane katika kila 100. Zaidi ya tani 9,200 lazima zipate mnunuzi nje ya geti.

Kwa hiyo mradi unaoitwa wa bia na kimea, kwa uzito wa mzigo, ni mradi wa kimea wenye kiwanda cha bia pembeni. Swali la kwanza kwa mwenye mradi liwe ni nani amesaini kununua kimea. Wanunuzi wa ukanda huu ni kampuni chache kubwa, na baadhi zina viwanda vyao vya kimea au mikataba ya kuagiza kutoka nje.

Uskoti: pombe kali ilikufa, kimea kikaishi

Mfano mzuri wa jambo hili uko Uskoti. Karibu na mji wa Montrose kulikuwa na kiwanda cha wiski kilichoanzishwa mwaka 1897 katika majengo ya kinu cha kitani. Kilibadilishwa kazi zaidi ya mara moja, na mwaka 1968 kikajengewa kiwanda cha kimea pembeni. Kiwanda cha wiski, kilichokuja kuitwa Glenesk, kilifungwa mwaka 1985 na baadaye kikabomolewa. Kile cha kimea hakikufa nacho. Kiliuzwa, kikaendelea, na baadaye kikaingia mikononi mwa Boortmalt, kampuni ya kimea ambayo pia ilijenga kiwanda Debre Berhan, Ethiopia.

Katika kisiwa cha Islay, kiwanda cha kimea cha Port Ellen kilijengwa mwaka 1973 jirani na kiwanda cha wiski cha jina hilohilo. Wiski ya Port Ellen ilisimama mwaka 1983 na haikurudi hadi 2024. Kimea kilibaki, na mwaka 1987 viwanda vya wiski vya kisiwani vilikubaliana kuchukua kimea chake.

Sababu ni moja kwa vyote viwili. Vilikuwa na wateja wengi zaidi ya jirani yao mmoja.

Mzigo wa barabarani

Kwa wasafirishaji, kitengo cha kimea ndicho chenye safari. Tani 100 za shayiri hutoa takriban tani 80 za kimea. Ili kupata tani 10,000 za kimea, zinahitajika kama tani 12,500 za shayiri. Kwa lori la tani 28, hizo ni safari karibu 450 za kuingiza, na safari kama 330 za kutoa kimea kinachouzwa nje ya geti.

Wenye malori wazingatie pia ujazo. Kimea ni chepesi kuliko shayiri. Mita moja ya ujazo hubeba kilo 550 hivi za kimea, wakati shayiri ni kama 650. Tani 28 za kimea zinahitaji nafasi ya mita za ujazo 51, dhidi ya 43 za shayiri. Bodi fupi itajaa kabla ya uzito kutimia, na nauli inayolipwa kwa tani itampunja mwenye gari.

Kwa upande wa mizani, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo, kwa magari ya ekseli saba. Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019.

Kuna kosa jingine la kuepuka. Tenki au bodi iliyobeba molasi au kemikali isipewe kimea bila kuoshwa na kukaushwa, kwa kuwa kimea hunyonya unyevu na harufu haraka. Machicha ya bia nayo ni mzigo wa karibu tu. Karibu robo tatu au zaidi ya uzito wake ni maji na huharibika kwa siku chache, hivyo faida yake iko kwa wafugaji wa ng'ombe wa jirani.

Mpakani

Kimea ni malighafi, bia ni bidhaa ya ushuru. Tofauti hiyo inaonekana kwenye makaratasi. Bia hutozwa ushuru wa bidhaa na kubandikwa stempu katika nchi itakamouzwa, na msafirishaji anayeivusha huhitaji dhamana ya forodha na ushahidi kwamba imetoka nchini. Kimea hakina stempu, lakini bila cheti cha uasili hutozwa kama kilichotoka nje ya jumuiya.

Cheti nacho kiwe cha soko sahihi. Tanzania imo Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, lakini haimo COMESA. Ethiopia imo COMESA, lakini haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo zimo katika Jumuiya na COMESA pia.

Hatari ya kodi

Mfano wa Kenya unatosha. Bia ya Senator Keg, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru, ilikuja kuwa soko kubwa la mtama wa wakulima. Mwaka 2013 serikali iliitoza ushuru wa asilimia 50. Mauzo yalianguka, na mtama uliolimwa kwa mkataba ukakosa pa kwenda. Mwaka 2015 msamaha wa asilimia 90 ulirudishwa. Katika miaka hiyo miwili mashamba, maghala na malori vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika sheria ya fedha.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Mwekezaji aulize kiwanda ni cha aina gani kati ya zile tatu, maji yake yamepimwa lini, na mabwawa ya majitaka ni mali ya nani.

Mfanyabiashara wa nafaka aulize bei imefungwa kwa kipimo gani cha unyevu na protini, nani anapima, na mzigo uliokataliwa unarudi kwa gharama ya nani.

Msafirishaji aulize safari ngapi zimo katika mkataba na ngapi ni matumaini. Kama mkataba wa kuuza kimea haujasainiwa, zile safari 330 za kutoka bado hazipo, na mkopo wa semitrela mpya usubiri.