Sinema ya Sanaa na Soko Lake

Sinema ya sanaa ni filamu inayobeba mtazamo wa mwongozaji kuliko matakwa ya soko pana, na ambayo huwafikia watazamaji kupitia matamasha na majumba madogo ya sinema. Kwa mfanyabiashara, sehemu ya pili ndiyo nzito. Filamu moja ya Kijapani huweza kuwa burudani ya kawaida Tokyo na sinema ya sanaa New York.

Nchini Marekani biashara hii ilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Paramount, na kampuni kubwa za Hollywood zikalazimika kuachana na majumba ziliyoyamiliki. Filamu mpya zikapungua, televisheni ikawabakiza watu nyumbani, na baadhi ya wenye majumba wakageukia filamu za Ulaya na Japani, mfano Rashomon ya Akira Kurosawa, mshindi wa tamasha la Venice mwaka 1951. Ukumbini waliuza kahawa badala ya bisi. Wateja nao hawakufuata sanaa tupu: filamu hizo zilionyesha miili waziwazi kuliko Hollywood ilivyothubutu.

Ufaransa iliiingiza serikali katika biashara hii. Kila tiketi ya sinema hukatwa asilimia 10.72, yaani takriban yuro 1.07 katika tiketi ya yuro 10, hata kama filamu ni ya Hollywood. Fedha hizo huenda CNC, taasisi iliyoundwa 1946, nayo huzirudisha kwa watengenezaji na kwa majumba yenye hadhi ya Art et Essai, yaani ya sinema ya sanaa. Hivyo mashabiki wa filamu za mapigano huchangia filamu ambazo huenda wasizitazame kamwe. Ni mpango wa akili.

Msambazaji asiye na bajeti kubwa ya matangazo hutegemea tuzo na sifa za mdomo. Filamu ya Parasite ya Bong Joon-ho ilishinda tamasha la Cannes mwaka 2019, kisha ikaanza Marekani katika majumba matatu tu, ikavuna zaidi ya dola 370,000 wikendi ya kwanza. Majumba yaliongezwa hatua kwa hatua. Duniani kote ilipita dola milioni 250. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo ilianzia tamashani, Toronto mwaka 2021. Nyingi zinazoshika njia hiyo hazirudishi gharama. Bila ruzuku au tuzo, biashara hii mara nyingi hailipi.