Serumaga na Shujaa wa Vilima Saba

Jioni moja huko Kabingo, wilayani Isingiro, tuliketi na askari waliomaliza zamu. Mchana wake, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikuwa tumetazama vijana wakiigiza mchezo uliochanganya Kiswahili na lugha nyingine tatu, na watazamaji wakacheka kwa wakati mmoja. Tukamtaja Robert Serumaga. Hakuna aliyelijua jina hilo.

Serumaga alizaliwa mwaka 1939, akasoma uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin. Shahada ile haikumzuia kupenda jukwaa. Aliporudi Uganda katika miaka ya 1960 alianzisha kikundi cha tamthiliya, na baadaye kikundi cha Abafumi, yaani wasimulizi, ambacho waigizaji wake walifunzwa kutumia mwili mzima kama tunavyofunzwa sisi gwaride. Katika Amarykiti, mchezo wa mwaka 1974, karibu hakuna neno linalosemwa. Tunadhani siri yake ni hiyo: katika nchi ambayo neno moja lingeweza kumponza mtu, mwongozaji huyu aliwapa kazi miguu na mabega.

Lakini mchezo uliowafanya askari wetu wasahau chai ni Renga Moi. Kijiji cha vilima saba chavamiwa na adui. Shujaa wake amekwisha kuwa baba wa mapacha, na mila yamkataza kumwaga damu kabla ya matambiko kukamilika. Akae nyumbani, kijiji kiangamie? Aenda vitani, ashinda, na arudipo akuta mapacha wake wametolewa kafara. Wagiriki wa kale wana kisa kinachofanana na hiki: Agamemnon alimtoa binti yake ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy. Ila yule aliamua mwenyewe. Renga Moi aliamuliwa na watu aliokwenda kuwalinda.

Mwaka 1975 Abafumi walicheza Renga Moi katika ukumbi wa Aldwych, London, palepale ambapo Mgiriki Karolos Koun alikuwa ameonyesha tamthiliya za kale za kwao miaka kumi hivi nyuma.

Huko nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mwaka 1977 mwongozaji mwenzake, Byron Kawadwa, alikamatwa na watu wa usalama wa utawala wa Idi Amin baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos, akauawa. Sisi tuvaao sare hatuna haki ya kulipita jambo hilo haraka, kwani waliomchukua nao walikuwa watumishi wa dola.

Serumaga aliishia uhamishoni, akajiunga na harakati za kumwondoa Amin. Mbarara ilitekwa Februari 1979. Mwezi uliofuata wahamishwa walikutana Moshi. Katika serikali ya Yusufu Lule alipewa Wizara ya Biashara, lakini serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 41 hivi.

Sajini mmoja, baba wa watoto wanne, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Afande, na mama wa wale mapacha, kijiji kilimuuliza?” Tulikumbuka hatukumtaja hata mara moja katika masimulizi yetu. Koplo aliyekuwa pembeni akaandika jina la mchezo nyuma ya karatasi ya zamu, akataka kujua kama bwalo letu lingeenea ngoma zote zile.