Anemoni Yupi kwa Samaki Wako? (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia tangi la vioo na maji yake. Leo tumefika kwa mnyama ambaye kila anayeanza kufuga samaki wa bahari humtamani mapema mno: anemoni.

Kwa macho hufanana na ua, lakini ni mnyama. Ana mguu mmoja wa kujishikiza mwambani, mdomo katikati, na minyiri iliyouzunguka, yenye vichomo vya sumu. Samaki mdogo akiigusa hupooza, akaliwa. Samaki wa anemoni ndiye aliyesalimika, kwa sababu ngozi yake ina ute unaomkinga. Hulala ndani ya minyiri hiyo na kutaga mayai kando ya mguu wa mwenyeji wake. Naye hulipa kodi yake: huwafukuza samaki aina ya kipepeo wanaokuja kuitafuna minyiri, na kinyesi chake ni mbolea kwa mwani mdogo sana unaoishi mwilini mwa anemoni. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga, na sehemu kubwa ya riziki ya anemoni hutoka humo. Mfugaji asiyelijua jambo hili atamlisha anemoni wake vipande vya kamba kila siku, na bado atamwona akinyauka gizani.

Aina za samaki wa anemoni duniani ni takriban 30. Anemoni wanaowapokea ni aina 10 hivi, na kila samaki ana wenyeji wake. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, si wa pwani yetu. Kwao ni mashariki ya mbali ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wa Kenya ni wawili. Wa kwanza, Amphiprion allardi, ana mwili wa kahawia iliyokolea, mikanda miwili myeupe na mapezi ya manjano. Wa pili, Amphiprion akallopisos, ni wa chungwa hafifu, na mstari mwembamba mweupe umempita mgongoni kuanzia kichwani.

Mkazi wa Garsen anaweza kudhani atawapata Kipini, kwa kuwa ndiyo bahari iliyo karibu. Hawapo. Mto Tana humwaga hapo maji matamu na tope lililosafiri mamia ya kilomita kutoka nyanda za juu. Tope hilo huzuia mwanga na kufunika mwamba, na maji matamu hupunguza chumvi. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hustawi katika hali hiyo. Matumbawe na anemoni hawaiwezi. Ndiyo maana miamba yao hupatikana kusini, Malindi na Watamu, na kaskazini kuelekea Lamu na Kiunga. Basi maji ya Kipini yasiingie katika tangi la anemoni hata yakitulia yakawa meupe. Anemoni anataka chumvi ya bahari kuu, gramu 35 hivi kwa kila lita, na anataka isibadilikebadilike.

Sasa tuchague. Samaki wetu wa mstari mgongoni, baharini huishi na anemoni wawili: Heteractis magnifica na Stichodactyla mertensii. Wote wawili siwashauri kwa nyumba ya kawaida. Yule wa kwanza ni mzuri kupita kiasi, lakini hutaka mwanga mkali na mkondo wa nguvu, na asiporidhika hutembea tangi zima hadi anaswe na pampu. Wa pili hutandaa mwambani kama mkeka na anaweza kupita upana wa mita moja. Tangi gani la sebuleni litamtosha?

Allardi ana nafasi pana zaidi. Hukaa na mertensii huyo huyo, na Heteractis aurora mwenye minyiri yenye vinundu kama shanga, ambaye huzika mguu mchangani, na pia na Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba mfano wa balbu. Huyu wa mwisho ndiye ninayemchagua bila kusita. Hupokea aina nyingi za samaki, huvumilia makosa madogo ya mfugaji, na hujigawa akawa wawili, hivyo inawezekana kumpata aliyezaliwa tangini bila kumng'oa mwingine mwambani. Mpe ufa wa jiwe aingize mguu wake, naye mara nyingi atatulia.

Kabla ya kulipa, mtazame vizuri. Mdomo uwe umefumba na mguu usiwe na jeraha. Akiwa mweupe pe, usidanganyike na weupe huo: amepoteza mwani wake, naye yu hatarini kufa. Wenye rangi kali isiyo ya kawaida huenda wametiwa rangi, waache dukani.

Joto ndilo adui mkubwa wa mfugaji wa Garsen. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na anemoni hupauka kwa sababu ile ile. Nyuzijoto 25 hadi 27 zinamfaa. Tangi likiwekwa dirishani kwa ajili ya jua, alasiri maji yatapita 30. Tumia taa maalumu, elekeza feni juu ya maji, na uwe na betri au sola ya kuendesha pampu umeme ukikatika.

Anemoni akitunzwa vizuri anaweza kuishi muda mrefu. Alikuwepo mmoja wa aina nyingine, wa bahari baridi, aliyeokotwa Scotland na John Dalyell mwaka 1828. Alitunzwa ndani ya chombo, akapokezanwa na watu kadhaa, na akafa mwaka 1887. Mnyama mwenye uwezo wa kuishi hivyo akifa baada ya miezi mitatu, mara nyingi sababu ni utunzaji mbaya. Na akifa huoza upesi, akachafua maji na kuwaua samaki wote.

Usimchukue mwenyewe baharini. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuondoa kiumbe chochote, na kwingineko anemoni mmoja aking'olewa, jozi ya samaki na watoto wao hubaki bila pa kujificha, wakaliwa.

Tangi lako likiwa halijatimiza mwaka mmoja, subiri. Samaki wa anemoni aliyezalishwa tangini huishi vizuri bila mwenyeji, kwa sababu humo hakuna wa kumwinda. Anza naye peke yake.