Kuku wa Barafu na Karamu ya Sikukuu

Leo twapenda kueleza jambo linaloonekana dogo, lakini laweza kugeuza furaha ya sikukuu kuwa uchungu: namna ya kuyeyusha kuku, au bata mzinga, aliyegandishwa kwa baridi kali, kabla ya kumpika.

Wazee wetu wa Unyamwezi hawakuhitaji somo hili. Mnyama wa karamu alichinjwa siku ile ile, akapikwa, akaliwa. Chakula cha kuwekwa au kusafirishwa mbali kilikaushwa. Misafara iliyopita Tabora, ikienda Ujiji na kurudi Bagamoyo, ilijua thamani ya kitu kikavu. Samaki wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa na chumvi ya Uvinza vilichukuliwa mabegani siku nyingi za jua, wala havikuoza. Sababu yake ni hii: vijidudu viozeshavyo chakula haviwezi kuzaana pasipo maji, nalo jua na chumvi huyaondoa maji hayo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikashuka mabegani, lakini hata leo dagaa wa Kigoma husafirishwa wakiwa wakavu.

Siku hizi tunayo njia nyingine, nayo ni friza. Humo baridi hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuku huwa mgumu kama jiwe. Lakini tuangalie tofauti iliyopo. Kitu kikavu hubaki salama maadamu hakijapata unyevu. Kitu kilichogandishwa hubaki salama maadamu kina baridi tu. Maji yake yote yamo ndani. Tena barafu haiviui vijidudu vyote, bali huvilaza usingizi. Baridi ikiondoka, huamka.

Vikiamka, huongezeka upesi. Kijidudu kimoja katika joto la kukifaa chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa dakika 20. Wanafunzi na wachukue kalamu wahesabu: baada ya saa moja ni 8, baada ya saa mbili ni 64, na baada ya saa nane, yaani usiku mmoja, ni 16,777,216. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo si vema kumwacha kuku mezani usiku kucha ili ayeyuke. Ngozi yake hupata joto kwanza, huku moyo wake ungali barafu. Joto la kati ya nyuzi 5 na 60 ndilo linalovifaa vijidudu, na katika nchi ya joto kama yetu ngozi hiyo hufika humo mapema. Wala tusitegemee pua, kwa maana vijidudu viletavyo kuhara na kutapika vyaweza kuwamo pasipo harufu yoyote.

Wengine husema, "Moto utaua vyote." Moto huua vijidudu, ni kweli, lakini viko ambavyo huacha sumu katika nyama, na sumu hiyo haiondolewi na moto. Tena ndege mwenye barafu ndani huiviza nje, na nyama iliyo karibu na mfupa ikabaki mbichi.

Basi ziko njia tatu zilizo salama.

Ya kwanza, na iliyo bora, ni kumyeyusha ndani ya jokofu lenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake. Awekwe katika bakuli, kwenye rafu ya chini kabisa, ili majimaji yake yasidondokee vyakula vingine. Kila kilo 2 au 2 na nusu huhitaji kutwa na kucha. Kuku wa kilo moja na nusu atolewe friza siku moja kabla. Bata mzinga wa kilo 5 wa Krismasi atolewe jioni ya tarehe 22 Desemba.

Ya pili ni maji baridi, nayo yafaa kuku mdogo au vipande. Atiwe katika mfuko usiovuja, azamishwe, na maji yabadilishwe kila dakika 30. Nusu kilo huhitaji kama nusu saa. Maji ya pipa lililokaa juani si maji baridi, wala maji ya moto hayafai kabisa. Akiisha kuyeyuka, apikwe mara moja.

Ya tatu ni kupika vipande vingali na barafu. Hapo muda wa kupika uongezwe nusu yake: cha dakika 40 kipikwe dakika 60.

Na asiye na jokofu afanyeje? Kuku aliyenunuliwa Tabora mjini, akachukuliwa katika basi hata Urambo au Sikonge, huanza kuyeyuka njiani. Anunuliwe siku ya kupikwa, afungwe vizuri, na akifika aingie chunguni bila kukawia. Ikiwa safari ni ndefu, ni afadhali kununua jogoo aliye hai, kama walivyofanya wazee.

Kuku mbichi asioshwe kwa maji ya kurushwarushwa, kwani hutawanya vijidudu jikoni. Mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Nyama ipikwe hata karibu na mfupa pasiwe na wekundu, na majimaji yake yatoke safi. Masalio yasikae nje zaidi ya saa mbili.

Wanaoumia kwanza kwa chakula kibaya ni watoto wadogo, wazee na mama wajawazito, nao ndio tunaowapa kipande kilicho laini. Basi mwenye kuandaa karamu na aanze kuhesabu siku mapema, ili wageni wake warudi kwao wakiwa wazima.