Umeme Haukukatika, Kiwanda Kimesimama

Desemba 8, 2010, volteji ilishuka kwa sekunde 0.07 katika kiwanda cha Toshiba cha Yokkaichi, Japani, kinachotengeneza chipu za kumbukumbu. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mitambo ilisimama, na kampuni ikatangaza kwamba mzigo wa chipu wa Januari na Februari 2011 ungeweza kupungua kwa hadi asilimia 20.

Hasara ya aina hii haionekani kwenye takwimu za kukatika kwa umeme. Nchini Marekani, kiwango cha IEEE 1366 huhesabu ukatikaji wa kudumu unaozidi dakika tano. Mshuko wa volteji ni kitu kingine: umeme upo, ila umebaki kati ya asilimia 10 na 90 ya kiwango chake, kwa muda usiozidi dakika moja. Shirika la umeme linaweza kujivunia ripoti nzuri huku wateja wake wa viwandani wakitupa malighafi.

Mara nyingi kinachoangusha kazi ni kontakta, swichi ya sumaku inayowasha mota. Volteji ya 230 ikishuka hadi karibu nusu, sumaku huachia, mota hukatika, na umeme hurudi kabla fundi hajainua kichwa. Kwenye mashine ya mabomba ya plastiki, kusimama huko kunaweza kugandisha plastiki ndani, na kuisafisha kukala saa kadhaa.

Vifaa vya kurekodi vipo sokoni miaka mingi. Kati ya 1993 na 1995, taasisi ya utafiti ya EPRI ilifuatilia vituo 277 vya mashirika 24 ya umeme ya Marekani. Tatizo limekuwa wingi wa rekodi, na hapo ndipo takwimu za kupanga makundi zinapoingia.

Kila tukio huandikwa kwa namba chache: volteji iliyobaki, muda, na fezi zilizoguswa. Namba husawazishwa kwanza, ili sekunde zisimezwe na asilimia. Kisha kompyuta huweka vitovu kadhaa, hupeleka kila tukio kwenye kitovu kilicho karibu, husogeza kila kitovu katikati ya matukio yake, na kurudia hadi makundi yatulie. Stuart Lloyd wa Bell Labs aliiandika mbinu hiyo mwaka 1957 kwa kazi za mawasiliano.

Makundi yakishajitenga, meneja anajua anunue nini. Mishuko midogo ya sekunde kadhaa, inayogusa fezi zote tatu na kupona polepole, kwa kawaida ni mota kubwa inayoanza. Dawa yake ni kifaa cha kuianzisha taratibu. Mishuko mikubwa ya chini ya sekunde 0.2, hasa ya fezi moja au mbili, huashiria shoti kwenye laini: radi, tawi la mti, au ndege. Hapo kifaa kidogo cha kushikilia kontakta, au betri ya kulinda mifumo ya udhibiti pekee, huweza kutosha bila kugharamia kulinda kiwanda kizima. Kwa upande wake, shirika la umeme linapata sababu ya kupeleka wakata miti na vizuia radi kwenye laini husika.

Kompyuta haijui chanzo, wala haiambii mtu makundi yawe mangapi. Mhandisi lazima alinganishe kila kundi na kumbukumbu za vituo vya umeme na ratiba ya mota za kiwanda. Rekodi za wiki moja ya kiangazi pia hazitaonyesha radi za masika. Kwa mnunuzi, swali la kumwuliza muuzaji wa vifaa vya ulinzi ni moja: kifaa hiki kinatibu kundi lipi, na kundi hilo limesimamisha mitambo yangu mara ngapi mwaka huu? Asiyeweza kujibu anauza dawa kabla ya kipimo.