Mabingwa Wengi, Magari Machache

Huko Uingereza wapo watu wanaoshindana kwa magari kwa kupenda tu, bila mshahara. Mashindano yao huendeshwa na vyama. Kimojawapo, 750 Motor Club, kilianzishwa mwaka 1939. Vyama viko kadhaa, na baadhi hutoa ubingwa zaidi ya mmoja.

Je, ubingwa umezidi? Tupige hesabu. Tuseme yapo magari 30. Yakigawanywa kwenye mashindano matatu, kila shindano lina magari 10 tu. Kodi ya uwanja haipungui, basi kila dereva atalipa zaidi.

Lakini ubingwa mmoja tu nao haufai. Gari dogo la zamani litashindanaje na gari jipya lenye nguvu? Tunaona hivi: magari yanayolingana yashindane pamoja, hata kama vyama ni mbalimbali.